Televisheni Iliyolia Nyau

Habari za mnada wa dalali Mkumba, Somoe aliambiwa kwanza na wifi yake Chausiku, aliyekwenda na fedha ya cherehani akarudi na boksi la televisheni lililojaa matofali.

Kesho yake asubuhi, Somoe alimpelekea Mkumba kapu lililoshonwa mdomo.

"Kaka, ninadie na hili."

"Televisheni!" Mkumba akanadi bila kulifungua.

Kapu likalia nyau.

"Mnasikia sauti yake?" Mkumba akawauliza watu.

Wapambe wake, waliojifanya wateja, wakapandisha bei kwa mazoea hadi laki tatu.

"Imeuzwa!"

Somoe akamdaka mpambe wa mwisho. "Lipa, baba."

"Mimi sinunui!"

"Basi waeleze watu hawa kazi yako hapa."

Umati ukageuka. Mkumba akalipa haraka kutoka mfukoni mwake.

Somoe akaifunga fedha ya wifi yake kwenye pindo la kanga. "Ikizima, kaka, ionyeshe dagaa."