Unyayo wa Ngiri

Paukwa!
Pakawa!
Wakubwa mpo?
Tupo, na watoto tumewapakata.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na mwamba wa chumvi. Kila mmoja alilamba, akatosheka, akaenda zake. Ng'ambo ya mto waliishi Nyani, wenye mikuyu.

Siku moja Nyani wakaleta mapatano. "Tupeni chumvi, tuwape makuyu matamu."

Baraza likakaa. Mapatano yakasomwa, yakasomwa, hayaishi. Mzee Ngiri alikuwa na kapu la makuyu ya kuonja. Nyam, nyam, nyam. Akapaza sauti, "Ndiyo! Tukanyage!"

Desturi ya bonde ni hiyo: anayekubali hukanyaga udongo mbichi, unyayo wake ukakauka juani. Chwa! Chwa! Chwa! Wote wakakanyaga.

Hakuna aliyesikia neno moja: wenyeji watalamba chumvi baada ya Nyani kutosheka. Na Nyani hawakutosheka.

Swala akaja barazani na bintiye. Magoti ya mtoto yalicheza, tete, tete, tete.

"Mzee Ngiri, mwanangu hasimami. Amekosa chumvi."

Ngiri akatazama chini. "Mwenyekiti, tunaweza kujitoa?"

Pofu mwenye pembe ndefu, mwenyekiti wa baraza, akajibu, "Tunaweza. Mapatano yanataka taarifa ya mwezi mmoja. Lakini baraza lililokubali ndilo likatae. Kila mmoja aje mchana, mbele ya wote, ataje jina lake, afute unyayo wake kwa mguu uleule. Nyayo zikifutwa zaidi ya nusu, Korongo atapeleka habari ng'ambo."

Nungunungu akajikuna. Pundamilia akatazama mawingu, akasema, "Mbona udongo umeshakauka?"

"Mwaga maji, ndugu yangu," akasema Swala. "Mwanangu naye anakauka."

Ngiri akaenda mtoni, akarudi na kibuyu mdomoni. Chururu! Akamwaga.

"Mimi Ngiri. Huu ni wangu. Nilikubali huku natafuna."

"Hata leo una mbegu menoni, mzee!" akadakia Nungunungu. Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Ngiri akakanyaga, akafuta. Kicheko kikafa. Pundamilia akaja. Nungunungu akaja, kichwa chini. Nusu ikapita. Korongo akaruka, pa, pa, pa.

Mwezi mzima wakangoja. Kila asubuhi Ngiri alisimama kando ya yule mtoto wa Swala, ili mtoto amwegemee. Mwezi ulipotimia, Nyani wakaondoka mwambani. Mtoto akalamba, akalamba, akasimama peke yake.

"Asante, babu," akasema.

Neno hilo likamchoma Ngiri kuliko kicheko chote. Akageuka, asionekane macho.

Funzo lake ni hili: uliyekubali mbele za watu, kataa mbele za watu, usingoje aibu iishe kwanza, maana anayengoja pamoja nawe ni mtoto wa mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye tope mguuni, akanawe.