Kibao cha Dawa za Mama

Bandu bandu huisha gogo. Maana yake ni kwamba gogo liwe nene namna gani, anayelibandua kidogo kidogo bila kukoma atalimaliza. Wengi hudhani hii ni methali ya wavivu, ya kumwambia mtu ajikokote. Mkutubi mmoja alidhani hivyo pia, na nusura imtokee puani.

Siku za kazi mkutubi huyu alikuwa mtu wa vitabu. Siku za mapumziko alijifungia katika chumba cha uani na mashine yake ndogo ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, aliiita mashine hiyo "mke mwenzangu".

Siku hiyo hapakuwa na utani. Mama yake mkutubi, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona, angechukuliwa alasiri na binti yake, dada wa mkutubi, akaishi kwake, na huko watu wote hushinda kazini. Juma lililotangulia bibi huyo alikuwa amemeza dawa za jioni asubuhi, akaanguka bafuni. Tangu hapo watoto walinong'onezana kuhusu kumtafutia mtu wa kumlinda kutwa. Mwenyewe alikuwa amekuja juu.

"Nimewalea nyote, leo mnilee mimi? Nitengenezee kitu ambacho vidole vyangu vitakielewa, mwanangu. Mengine niachieni."

Basi mkutubi akachora kibao chenye vishimo viwili vipana, cha kushoto kwa dawa za asubuhi na cha kulia kwa dawa za jioni. Alichagua kipande cha mti mgumu alichoacha marehemu baba yake, aliyekuwa seremala. Kilikuwa kimoja tu, na kukiharibu kungekuwa kama kumzika mzee mara ya pili.

Mashine ilianza kwa kutambaa. Ilisugua mti badala ya kuukata, ikatoa vumbi laini kama unga. Mkutubi alitazama saa ya ukutani, akatazama kishimo ambacho hata punje ya mchele isingejificha ndani yake. Kwa mwendo ule dada yake angefika na kukuta ubao mtupu.

Akaiamuru mashine izame mara moja hadi nusu ya kina. Mashine ikapiga ukelele, meza ikatetemeka, moshi ukafuka. Kabla hajakifikia kitufe cha kuizima, biti, kile chuma cha kukatia, ilikatika tak! na kipande chake kikauparura ukingo wa kishimo cha kushoto, kikaacha pengo.

Mkewe alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kuna nini? Nyumba nzima inanuka moto!"

"Nimeuharibu ubao wa baba," alisema. "Na biti imebaki moja."

Kutoka barazani mama yake aliuliza, "Mbona mashine yako inalia, baba? Randa ya marehemu haikulia hata siku moja."

Mkutubi alikumbuka jinsi randa ya baba yake ilivyoondoa maranda membamba kama ganda la kitunguu, huku mkono ukienda upesi, bila kulala. Mzee hakuwa mzito wa kazi hata kidogo. Mti aliula tonge dogo dogo, lakini bila kukoma.

Alifunga biti ya mwisho. Akapunguza kina hadi kikawa kama unene wa ukucha, kisha, roho mkononi, akaongeza mwendo. Kidole chake hakikuondoka kwenye kitufe. Mashine ikaanza kuvuma sawasawa. Badala ya vumbi yakaruka maranda madogo, na ganda baada ya ganda vishimo vikashuka mbele ya macho yake, upesi kuliko alivyothubutu kuomba. Hata hivyo hakupumua vizuri mpaka biti ilipoinuka, nzima, na honi ya gari la dada yake ikasikika nje.

Alimpelekea mama yake kibao kikiwa bado na joto. Bibi alikipapasa, akatabasamu. Kisha akakizungusha mapajani.

"Nikikigeuza hivi, kushoto si kumekuwa kulia? Asubuhi nitaijuaje?"

Hilo mkutubi hakuwa ameliwazia. Dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mama begani, aliinamisha kichwa. "Mama, tutamtafuta tu yule mtu wa kukulinda," alisema kwa upole.

"Ngoja kwanza." Vidole vya bibi vilikuwa vimefika kwenye pengo. "Na hili?"

"Hapo niliharibu, mama. Niliilazimisha mashine. Nipe dakika nilipige msasa."

"Thubutu! Hapo ndipo asubuhi yangu." Alikigeuza kibao mara kadhaa, na kila mara kidole chake kilikwenda moja kwa moja penye pengo. "Haya, twendeni. Na huyo mtu wenu mwambieni atafute mtoto wa kulea."

Mkutubi alicheka, machozi yakimlengalenga. Pengo lilikuwa bahati, hilo alilijua, na bahati haichongi ubao. Vishimo vile alivichonga kwa maganda membamba yasiyokoma, hata ule mti uliovunja chuma ukasalimu amri: bandu bandu huisha gogo.