Bi Hondo na Mti Ulioimba

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa kule nyuma mnatafuna, sikuwasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, Bwana Hondo alipangusa mdomo wake kwenye tawi, kwaru, kwaru, akamwambia mkewe, "Mke wangu, naja sasa hivi."

Msiniulize nani alikuwa na saa. Mkewe ndiye aliyeshika wakati. Jua lilikuwa limepenya ufani mwa nyumba yake na kugusa ukucha wake wa mguu wa kushoto, na jua liligusa ukucha ule saa nne na robo, si kabla, si baada. Bi Hondo alikuwa ndege wa namna hiyo. Ukimpa matunda, aliyapanga kwanza kwa ukubwa, ndipo akala.

Basi Bwana Hondo akaruka. Puruuu! Akaenda.

Mnamjua hondohondo? Ni yule ndege mwenye mdomo kama ndizi. Desturi yao ni hii. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye shimo la mti. Mume huleta udongo. Wanapaka, wanapaka, mlango wote unazibwa, unabaki ufa mwembamba tu wa kupitishia chakula. Nyoka hapiti. Kenge hapiti. Mke hukaa humo gizani na mayai yake, na manyoya yake hunyonyoka, moja baada ya jingine, mpaka anabaki kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Chakula analetewa na mume. Mume asipokuja, ni balaa.

Na Bwana Hondo hakuja.

Adhuhuri, hakuja. Alasiri, hakuja. Kesho yake, hakuja. Na makinda wawili walikuwa wameshaanguliwa, midomo wazi, "Njaa! Njaa! Njaa!"

Siku ya tatu akapita Tumbili. Tumbili alikuwa rafiki wa Bwana Hondo, na habari haikuwahi kupoa mdomoni mwake.

"Shemeji! Hodi hapo mtini!"

"Karibu. Umemwona mwenzako?"

"Nimemwona, shemeji. Yuko ng'ambo ya mto, kwenye mkuyu ulioiva. Amenenepa!"

"Yuko peke yake?"

Tumbili akajikuna. Akajikuna tena. "Shemeji, mimi sipendi maneno maneno. Lakini yule anayekaa naye ana kope nzuri."

Bi Hondo akayapanga maganda ya matunda, makubwa huku, madogo huku. Yalikuwa maganda tu.

Tangu ujana wake Bi Hondo alitaka kitu kimoja: kuwa mwimbaji wa bwawani kwa Bi Tembo. Kila jioni wanyama walikusanyika pale kunywa maji, na mwimbaji alikaa mahali pa juu, akala kabla ya wengine, na hapakuwa na wa kumwambia nyamaza. Lakini mama mkwe alisema, "Kuimba ni kazi? Kwani nyimbo zinapikwa?" Na mume alisema, "Taga kwanza, mke wangu. Bwawa halihami." Akataga. Na sasa yuko shimoni, hana mume, hana nyoya, hana tunda.

"Tuimbe," akawaambia makinda.

"Kuimba kunaliwa?" akauliza kinda mkubwa.

"Hakuliwi. Lakini mdomo mmoja hauwezi kuimba na kulia njaa kwa pamoja."

Akatunga. Akafuta. Akatunga tena. Neno moja lilimsumbua tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mwisho wimbo ukakaa sawa, akauimba:

*Kaniaga, naja sasa hivi,*
*jua likazama, akiwa njiani.*
*Sasa hivi, eee, sasa hivi,*
*sasa hivi gani hii, jamani?*

*Njaa ikapiga hodi mlangoni,*
*nikaijibu, bwana hayupo.*
*Ikaingia, ikajikalia ndani,*
*ikasema, nitamngoja, nipo.*

Kumbe shimo lile lilikuwa refu, limeshuka mpaka kiunoni mwa mti. Sauti ikaingia humo, ikazunguka, ikatoka nene. Mti mzima ukavuma. Vuuum!

Chini ya mti Ngiri alikuwa anachimbua mizizi. Akasimama, mkia wima. "Mti unaimba!" Akakimbia. Alipofika mbali kidogo akasahau anakimbia nini, akarudi kwenye mizizi yake. Mti ukaimba. "Mti unaimba!" Akakimbia tena. Alikwenda na kurudi mpaka msitu mzima ukapata habari.

Wakaja. Akaja Twiga, wakaja kanga, wakaja nyani. Lakini aliyetangulia alikuwa Nguchiro, yule mdogo wa mkia mrefu, na alifika akiwa tayari ana cheo.

"Simameni hapo hapo! Mimi ndiye mtunza mti."

"Tangu lini?" akauliza Ngiri.

"Tangu babu yangu. Mti hauimbi bure. Mti una tumbo. Mmekuja na nini?"

Wakaona haya. Wakaenda, wakarudi na tini, na panzi, na konokono. Nguchiro akapokea. Jioni, walipoondoka, akapanda mtini kuona mti unaimbaje. Akachungulia ufani. Akaona jicho. Jicho nalo likamwona.

"Aa! Dada, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Na wimbo ni wangu. Waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mwimbaji ni mke aliyeachwa, yuko uchi, na nyumba yake inanuka? Dada, mti una heshima yake. Wewe imba, mimi nisimame mbele. Matunda nitakupitishia hapa. Tumeelewana?"

Bi Hondo akawatazama makinda. Nao wakamtazama, midomo wazi.

"Na panzi," akasema polepole. "Wadogo. Wakubwa hawapiti ufani."

Ikawa hivyo. Mti uliimba, Nguchiro akasimama, wanyama wakaleta, makinda wakala. Wakanenepa wakawa kama viazi. Siku moja Twiga alitaka kuchungulia, maana shingo yake ilifika pale bila taabu.

"Rudi nyuma!" Nguchiro akafoka. "Mti unaona haya!"

Twiga akarudi nyuma, akauomba mti radhi.

Na kila wimbo ulipokwisha, wanyama walishangilia. Bi Hondo alibana sikio kwenye ufa apate kusikia. Walishangilia hivi: "Nguchiro oyee! Nguchiro oyee!" Siku hizo panzi hawakushuka vizuri kooni mwake.

Basi siku moja ardhi ikatetemeka. Ndi! Ndi! Ndi! Akaja Bi Tembo, mkuu wa bwawa, yeye mwenyewe.

"Chura wangu ameondoka na mvua," akasema. "Bwawa halina mwimbaji. Wimbo wa mti huu nimeusikia kule kilimani, nikaacha kula. Nani ameutunga?"

Mle ndani, moyo ukamwambia Bi Hondo: Sema! Lakini akitoka watamcheka. Akitoka ataanguka, hana bawa la kumbeba. Akianguka atavunjika mguu, pengine ule wa kushoto. Na makinda wakipata mafua je? Na sauti ikikwama je? Na Bi Tembo akipiga chafya je, na yeye yuko uchi? Alikuwa bado anaongeza mambo ya kuogopa wakati Nguchiro alipopiga hatua mbele.

"Mimi, mama. Nimeutunga mimi. Na babu yangu."

"Vizuri. Basi uimbe hapa, nikusikie bila mti."

Nguchiro akakohoa. Akanyoosha masharubu. Akaanza:

"*Njaa ikapiga hodi mlangoni, nikaijibu, bwana hayupo...*"

"SIYO!" ukafoka mti.

Wanyama wakaruka. Ngiri akakimbia.

"Siyo! Huo ni ubeti wa pili! Njaa itamngoja nani, na bwana hajaaga? Kwanza anaaga! Anaaga, jua linazama, ndipo njaa inakuja!"

"Mti umekasirika," akanong'ona Twiga.

Nguchiro akajichekesha. "Mama, usiusikilize. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, yote si maneno tu?"

Maneno tu! Bi Hondo alivumilia njaa. Alivumilia kope za ng'ambo ya mto. Alivumilia oyee za mwenziwe. Hili hakuliweza. Akaugeukia mlango. Ko! Ko! Ko! Udongo ukapasuka. Ko! Kikatoka kipande, kikampata Nguchiro kichwani. Kikatoka mdomo. Kikatoka kichwa. Bi Hondo akatoka mzima mzima, akatikisa mabawa yasiyo na kitu, akaanguka kama embe. Pu!

Juu kule kinda mkubwa akachungulia. "Mama! Umeacha mlango wazi! Baridi!"

Na makinda wa hondohondo hawafundishwi kujenga, wanazaliwa wanajua. Wakachota mabaki ya udongo, wakachota kinyesi, wakachota maganda. Paka, paka, paka.

"Ngojeni! Mama yenu bado..."

"Baridi, mama!"

Paka, paka. Mlango ukazibwa. Ufa ukabaki ule ule. Kwisha.

Akabaki pale chini, mwekundu, mtupu, mdomo mkubwa, miguu miwili. Wanyama wakamtazama. Kisha kicheko kikalipuka. Kwa kwa kwa! Kwi kwi kwi!

"Kuku wa nani huyu?"

"Wamemchoma wakamwacha njiani!"

Tumbili akaning'inia tawini kwa mkono mmoja. "Shemeji! Nguo ziko wapi?"

"Ziko ndani. Wamezifungia."

Bi Tembo akainamisha kichwa. "Wewe ni nani?"

Bi Hondo akainua mdomo. "Mimi ndiye mti."

"Haya. Imba."

Akafungua mdomo. Sauti ikatoka. Loo! Ilikuwa ndogo. Ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Kumbe ule unene wote ulikuwa wa shimo.

"Hatusikii!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Mnaona?" akasema Nguchiro, akipangusa udongo kichwani. "Siye."

Bi Hondo akatazama juu: mlango umefungwa. Akatazama nyuma: vichaka, na njia ya kukimbilia. Angeweza kukimbia. Mguu mmoja ulishageuka.

"Kama hamsikii," akasema, "sogeeni."

Hata yeye alishangaa nani amesema. Lakini wakasogea. Kwanza kanga, kisha nyani, kisha wengine. Ngiri akarudi, amesahau alichokimbia, akakaa mbele kabisa. Bi Hondo akaanza na bwana anaaga. Akaenda mpaka jua linazama. Akaja kwenye njaa, inapiga hodi, inajikalia. Aliposema *nitamngoja, nipo*, Twiga akacheka hadi shingo ikajikunja, na katikati ya kicheko chozi likamtoka, likaanguka safari ndefu mpaka chini. Ubeti wa kwanza uliporudiwa hakuna aliyeombwa kuitikia. Waliitikia wenyewe: *Sasa hivi, eee, sasa hivi!* Hata Tumbili, ambaye alimjua huyo bwana, aliitikia akiangalia pembeni.

Bi Tembo akamsogelea.

"Sauti yako ni ndogo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi masikio haya nilipewa ya kazi gani?" Akayapepea, fwaa, fwaa. "Kila jioni nitakuja kukuchukua. Utakaa hapa, katikati ya masikio, uimbie bwawa."

"Na wanangu?"

"Kila anayetaka kusikia wimbo atapita kwanza ufani na chakula."

Wanyama wakashangilia. "Bi Hondo oyee!" Akasikia bila kubana sikio popote. Akataka kulia, akapiga chafya.

Nguchiro alikuwa ameanza kuondoka kwa ncha za vidole.

"Wewe Nguchiro!"

"Naam, dada."

"Ubeti umeukosea. Lakini mbele za watu hukutetemeka hata kidogo. Makofi unaweza kupiga?"

"Naweza, dada."

"Basi njoo kesho asubuhi. Na usichelewe."

Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, Bi Hondo alipanda mtini kwa kucha na mdomo, maana mabawa yalikuwa bado, akawapa makinda chakula ufani, akateremka tena. Akasimama kwenye tawi la chini kabisa, anatetemeka kwa baridi, na nyoya moja jipya limeanza kuchomoza mkiani. Nguchiro akapiga makofi. Pa, pa-pa.

"Umewahi. Tena."

Pa, pa-pa.

"Sasa umechelewa. Tena."

Pa, pa-pa.

Bi Hondo akafumba macho, akasikiliza, akaanza kutunga wimbo mwingine.

Na funzo lake ni hili, wadogo na wakubwa: kazi uliyoitunga kwa shida zako, simama nayo mwenyewe, hata kama huna nyoya mwilini. Anayengoja apendeze kwanza ndipo ajitokeze, atakuta mwingine ameshasimama mahali pake.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyesinzia aamshwe, kuna vyombo vya kuosha.