Kwa Nini Nyumba za Kwemhanga ni Nyeusi Ndani

Enzi hizo bati halijapanda mlimani, nyumba zote za Kwemhanga zilikuwa nyeupe ndani. Kila kiangazi wanawake walishuka bondeni kuchimba udongo mweupe, wakausiriba ukutani kwa viganja mpaka ukang'aa. Mwanamke alipimwa kwa kuta zake. Mgeni akiingia, kabla hajaulizia hali ya watoto, alitazama ukuta.

Hapakuwa na aliyemfikia Nakunda, mke wa Mbonea. Watu walisema kuingia kwake ni kama kuingia ndani ya yai. Sifa zile zilimlevya. Mgeni akiketi tu, alimwambia, "Karibu, lakini usiegemee." Watu wakanywa uji wamenyooka kama michi, wakaaga mapema.

Nyumbani mle aliishi mavyaa wake, mama yake Mbonea, Bibi Namsembo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando. Alitembea kwa kupapasa ukuta, na kila alipopita aliacha alama za viganja. Nakunda alifuta, akasiriba, akafuta tena. Mwishowe akamwambia kwa sauti laini, ile inayouma kuliko kelele, "Mama, kule jikoni kuna joto. Utapumzika vizuri zaidi." Bibi akakunja mkeka wake, akahamia kwenye kibanda cha meko. Hakulalamika. Mwenyezi Mungu aliona, na Nakunda alijua kwamba ameona, ila aliendelea kusiriba.

Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, Bibi aliitwa ndani kumpokea. Akakodoa macho kwenye weupe ule. "Mwanangu, mmemweka wapi? Naona ukungu mtupu." Akampapasa uso, akamwombea, akarudi jikoni. Tangu hapo dua yake ilikuwa moja tu: amwone mtoto kabla macho hayajafungwa kabisa.

Miezi ikapita, mtoto akiwekwa mbali na moshi wa jikoni. Masika yakaja, na mchana mmoja mvua ikamkuta Nakunda uani, mtoto mgongoni. Akakimbilia jikoni, palipokuwa karibu. Kuta za humo zilikuwa nyeusi tii kwa masizi ya miaka mingi. Akamketisha mtoto mbele ya ukuta, amefungwa shuka jeupe, mwanga wa mlangoni ukimwangukia. Mtoto akacheka.

Bibi akashika kifua. "Ameota meno! Mawili, ya chini! Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia?"

Nakunda akautazama ukuta. Kule ndani, weupe juu ya weupe, kila kitu kilimpotea mzee. Huku, penye weusi wa ukuta, kilichong'aa kilimjia. Maradhi yalikuwa yamechukua nusu ya macho ya mama yule, na nusu iliyobaki aliichukua yeye Nakunda kwa udongo wake. Akapiga magoti kwenye majivu. "Mama, niliupenda ukuta kuliko wewe. Nisamehe."

"Nimesikia," Bibi akajibu, macho kwa mtoto. "Sasa sogea, unanizibia."

Mvua ilipokatika, Nakunda alikwangua masizi, akayachanganya na samadi na utomvu wa mgomba, akasiriba nyumba nzima ndani. Majirani wakaja kuchungulia.

"Shoga, umehamia ndani ya chungu?" akauliza Nakijwa, jirani yake.

"Ingia," akasema Nakunda. "Na leo uegemee."

Wakaegemea. Uji ukaisha, ukapikwa mwingine. Bibi, mkeka wake ukiwa umerudi ndani, aliwatambua mmoja mmoja kwa shanga zao nyeupe na kwa meno yao walipocheka. Kisha Nakunda akaushika mkono wa mavyaa wake, akauchovya katika udongo mweupe uliosalia, akaukandamiza ukutani kando ya mlango. Alama ile hakuifuta.

Basi majirani wakaiga, na kuanzia masika yale mpaka hivi leo, ijapokuwa nyumba ni za tofali na rangi hutoka dukani, mtu wa Kwemhanga huagiza nyeusi kwa ajili ya sebule, mafundi wa mjini wakabaki wanashangaa. Kando ya mlango huwekwa kiganja kimoja cheupe, cha mzee wa nyumba. Na mgeni akishaketi, kabla ya uji, kabla ya habari yoyote, huambiwa neno moja: "Egemea."