Sketi ya Dirisha la Boti

Hadithi hii nilisimuliwa na mama mmoja tuliyelazwa naye wodi moja, mwaka ule nilipovunjika mguu. Vitanda vyetu vilitenganishwa na kabati dogo la dawa, na mama yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa dada mkubwa wa fundi cherehani nitakayemtaja, na mengi aliyaona kwa macho yake. Chumvi aliyotia ni ya kukoleza tu. Nami naiandika kwa ajili ya methali isemayo kupotea njia ndiko kujua njia. Maana yake, wajukuu zangu, ni kwamba aliyekosea, kisha akainama kutazama alipokosea, huelewa mambo kuliko aliyekaa mlangoni akiogopa kutoka.

Huyo fundi cherehani alikuwa mjane wa makamo. Akaolewa mara ya pili na nahodha mmoja aliyekuwa na boti ndogo ya kupeleka mizigo kutoka gati hadi gati. Nahodha aliishi humohumo botini. Chumba chao kilikuwa kama kiberiti: kitanda, meza ya kukunja, jiko la mafuta, na cherehani aliyokuja nayo bibi arusi, imebanwa kati ya kitanda na ukuta. Kulikuwa na madirisha manne ya mviringo, madogo kama sahani. Kila dirisha lilizungukwa na pete ya shaba iliyojitokeza ndani mfano wa ukingo wa sufuria, na kioo chake kilifunguka kwa ndani.

Mapenzi yalikuwapo. Tatizo lilikuwa wadudu. Jua likizama tu, mbu na visubi walitoka kwenye matete wakaingia bila hodi. Madirisha yakifungwa, nahodha alibanwa na pumu, kifua kikalia kama birika linalochemka. Yakifunguliwa, mkewe aliumwa mpaka vidole vikavimba, sindano ikawa haishikiki. Walijaribu kulala nchi kavu, kwa dada mtu. Nahodha alikesha ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, akidai kwamba nyumba isiyotikisika inamtia kichefuchefu.

Dada mtu hakuwa ameipenda ndoa hiyo tangu posa. Siku moja alifika gatini, akaishika mikono ya mdogo wake, akaigeuza huku na huku kama anayechagua viazi. Hakufoka. Alisema tu kwamba chumba cha uani amekifagia na kitanda amekitandika, na kwamba mwezi ukiandama atakuja kumchukua.

"Na mume wangu je?" fundi akauliza.

"Mumeo ana boti, mdogo wangu. Boti ilimuoa kabla yako."

Fundi alijua kwamba anayehama kitanda leo, kesho amehama nyumba.

Basi akaanza kutafuta nyavu za madirisha. Madukani walimwonyesha za madirisha ya nyumba, mapana na ya pembe nne. Aliposema lake ni la mviringo, muuzaji mmoja alimuuliza kama anaishi ndani ya ngoma. Akarudi botini, akaamua kushona mwenyewe.

Kwanza alishona mapazia ya chandarua. Yalipendeza macho. Lakini kila wimbi lilipopita, boti ililala ubavu na pazia likaachana na ukuta, likapunga kama mwenyeji anayesema karibuni ndani. Tena visubi, wadogo kama chembe za pilipili manga, walipenya kwenye matundu yenyewe. Asubuhi nahodha alitaka kuyatupa majini. Mkewe akamzuia, akakaa akiyatazama vile yanavyobembea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hamu ya kujua. Akaona kwamba nyumbani pazia hutulia kwa sababu ukuta umetulia. Huku kilitakiwa kitu cha kulishika dirisha pande zote, na kitambaa chenye matundu madogo zaidi.

Akamwendea seremala, akachongewa fremu za duara zenye wavu wa waya mwembamba, za kushindilia katikati ya pete. Zilikaa barabara, na usiku huo mdudu hakuingia. Alfajiri ikanyesha mvua ya kishindo. Kioo hakingeweza kufungwa fremu ikiwa mahali pake, na fremu nayo ilikwishavimba kwa maji, haing'oki. Nahodha alikinga dirisha moja kwa sufuria na jingine kwa mgongo wake, godoro likalowa chapachapa. Alipokuwa akikamua shuka, fundi alisema taratibu, kama anayeongea na cherehani yake, kwamba kumbe dirisha la boti sharti lifungike kufumba na kufumbua.

Mara ya tatu akapata kitambaa cha wavu laini mno, kisubi asingepita hata angekonda. Alikivuta kwa mikono miwili mbele ya uso wa mumewe, akamwambia avute pumzi. Nahodha alivuta, akasema ni kama kupumulia kwenye mto. Fundi akachoka. Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha, na mume alikuwa ameanza kuongea kidogo, jambo lililomuumiza kuliko visubi.

Hata hivyo alikata kitambaa hicho, maana hakuwa na kingine. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi wa nguo pekee angelifanya. Maisha yake yote alikuwa amepima watu. Akauzungusha utepe kwenye pete ya dirisha kama anavyouzungusha kiunoni mwa mteja, kisha akakichukua kipimo hicho cha mzunguko akakifanya upana wa duara lake. Akakata vinne, akapiga pindo, akatia mpira wa kiuno. Alipokiinua cha kwanza, kilimfunika mpaka magoti.

Nahodha alichungulia. "Mke wangu, umelishonea dirisha sketi."

Alicheka mpaka akakohoa. Mkewe alikitazama kitambaa, akautazama utepe, akaelewa. Dirisha lake alikuwa amelipima kiuno.

Mwingine angefumua. Yeye alitaka kuona kimeharibika kiasi gani. Akaivalisha pete ile sketi. Mpira ukaishika shaba pande zote, ukabana. Kitambaa kikaning'inia kama mfuko. Upepo ukaja kutoka nje, mfuko ukajaa, ukatuna kama shavu la mtoto aliyejaza maji mdomoni. Fundi akaweka kiganja. Upepo ulikuwa ukipita.

Akashangaa. Kitambaa si kilekile? Akakata kipande, akakitandaza kwa kukivuta kwenye dirisha la pili, akamsimamisha mumewe mbele ya moja, kisha mbele ya jingine. Kwenye kile kilichovutwa nahodha alisema mto. Kwenye sketi alifumba macho, akavuta pumzi ndefu isiyo na filimbi.

"Hapa pana upepo," akasema.

Fundi akafikiri, akapata. Matundu ni yaleyale, ila kwenye sketi ni mengi zaidi, maana kitambaa ni kikubwa. Umati usiopita mlango mmoja hupita ukipewa milango mingi. Kisha akaona jambo jingine: kioo kilikuwa kimefunguka ndani ya mfuko, kimekaa humo kama mtoto tumboni.

"Hebu funga dirisha."

"Nivue kwanza hii sketi?"

"Usivue. Funga hivyohivyo."

Nahodha akakishika kioo juu ya kitambaa, akakisukuma, akazungusha komeo. Likafungwa. Akalifungua, akalifunga tena, na tena, kama mtoto aliyepewa taa.

Mwezi ukaandama, dada mtu akaja na kapu la kutilia nguo. Alipoona madirisha manne yamefura akauliza yana mimba ya nani. Mdogo wake alimwomba jambo moja tu, akae mpaka giza liingie, kisha aamue. Dada akaketi, akakunja mikono ya gauni mpaka mabegani, akawaachia wadudu uwanja.

Jua likazama. Visubi wakaja, wakatua juu ya kitambaa kwa nje. Dada alisogeza taa karibu, akawatazama matumbo na miguu yao, akaanza kuvutiwa. Akaupitisha ukucha kwenye pindo lote akitafuta mwanya, wala hakuupata. Nahodha alikuwa amekwisha kulala, kifua chake kimya.

"Wazo hili ulilipata wapi?" dada akanong'ona.

"Sikulipata, dada. Nilikosea kipimo, nikakaa nikalitazama kosa."

Fundi naye akajilaza, mikono yake isiyo na uvimbe juu ya shuka. Dada alibaki peke yake, mikono wazi. "Nilimngoja mbu mmoja tu, anisaidie," aliniambia pale wodini. "Hakuja." Boti ikamyumbisha taratibu, na yeye aliyekuja kumchukua mtu akasinzia akiwa bado na viatu miguuni, upepo wa dirishani ukimpuliza.

Hakika, kupotea njia ndiko kujua njia.