Kamba ya Kuuvuta Mwezi

Ukame uliingia Bonde la Mikoche ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Swala walikufa kiu, ikawa habari ndogo. Simba alipokauka koo, ikawa janga la nchi.

"Mfalme wenu ana kiu!" alinguruma barazani. "Leteni akili!"

Sungura akainama. "Mtukufu, maji yapo mwezini. Yale madoa meusi ni maziwa yaliyojaa maji. Tuuvute mwezi karibu, tunywe."

Nyani alishauri wote wavute pumzi kwa pamoja, mwezi ufyonzwe ushuke. Wakavuta mpaka Ngiri akazirai. Tembo akasema mwezi utukanwe, ukasirike, uje kugombana. Ukatukanwa jioni nzima wala haukujibu. Fisi yeye hakutaka hata hayo maji. "Lile ni donge la mafuta," alisema huku udenda ukimtiririka. "Likishuka, msile bila mimi."

"Mwezi una njaa," Sungura akasema. "Hamjaona unavyokonda mpaka ukapotea? Leteni akiba zenu za chakula. Mimi nitaulisha kule kilimani na kuufunga kamba, nanyi mvute kutoka bondeni."

Wakaleta karanga, asali, hata mbegu. Sungura akapanda kilimani, akaifunga kamba kwenye jiwe kubwa, akajilaza chini yake na kuanza kula. Kila jioni wanyama walivuta, na kila jioni mwezi ulizidi kunenepa.

"Unakula!" walishangilia. "Unakuja!"

Mwezi ulipokaribia kuwa mzima, Simba aliwasukuma wote kando. "Mwezi hautashushwa na watu wa chini. Nipisheni!" Akaishika kamba, Tembo nyuma yake, wakavuta kwa nguvu zote.

Kilimani jiwe likatikisika, likabiringika, likambana Sungura mguu.

"Acheni! Jiwe linaniponda!"

Kobe akageuza shingo taratibu. "Jiwe? Kumbe kamba haikufungwa mwezini?"

Wakapanda. Wakamkuta Sungura tumbo limemvimba, kalala juu ya maganda ya karanga.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Simba. Wanyama wakainamisha vichwa kwa adabu, wengine ili wasionekane wakicheka.

"Na mafuta je?" aliuliza Fisi.

Sungura alihukumiwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka, akichechemea, mpaka maji yakatokea. Yalikuwa hapo chini siku zote. Swala waliosalia wakanywa kwanza, kwa kuwa Simba aliona haya kujitokeza.

Njia ya mwongo ni fupi.