Kitale, Dafu na Koroma

Mliokaa, kaeni vizuri. Mwenye haraka atupishe.

Zimwi lilimwiba mtoto wa Bi Mwanasha angali ananyonya. Mama akamtafuta miaka kumi na mitano, hata machozi yakamkauka. Siku alipolikuta, zimwi likamwekea matunda matatu ya mnazi. "Mwanao yumo katika moja. Kosea, nimle!"

Bi Mwanasha akaokota kitale, kidogo, hata nyama hakijafanya.

"Si alikuwa mchanga, mama?" zimwi likambembeleza.

Akakiweka. Akatikisa dafu sikioni: kimya, maji yamelijaa pomoni. Akaliweka. Akatikisa la tatu, maji yakacheza kidogo. Hilo koroma, limepita udafu na bado halijawa nazi.

"Hakunisubiri ndipo akue," akasema, kama anayenunua sokoni. "Nipe koroma."

"Wenzio wote huchagua kitale!" Zimwi likafoka, likayeyuka.

Koroma likapasuka, akatoka msichana aliyemzidi kimo.

"Shikamoo, bibi. Wewe nani?"

"Marahaba. Mimi mama yako." Alingoja moyo umruke, haukuruka. "Haya, twende. Njia ndefu, na sijui unakula nini."

Ngano imeishia hapo. Anayetaka vigelegele apige mwenyewe.